Kipindi cha sayansi chini ya mjohoro

Ukitaka mtoto wa darasa la nne awajue ndege, usianze na ubao. Mkalishe chini ya mti wenye minana, wale ndege wanaosuka viota, kipindi kizima, mwambie asirushe hata kijiti, kisha na wewe mwalimu unyamaze. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Nafundisha Sayansi katika shule ya msingi hapa Morogoro, upande ambao ukitoka tu ofisini safu ya Uluguru iko mbele ya macho yako. Kitabu kinasema ndege ana manyoya, mdomo na mabawa mawili, na hutaga mayai. Ni kweli, na mtihani unayataka hayo, kwa hiyo tunayaandika. Lakini mtoto aliyeyakariri bado hajui ndege anashinda akifanya nini tangu kunapambazuka mpaka jua linazama, na hilo ndilo watoto wanalouliza. Wanataka kujua analala wapi, anagombana na nani, na mvua kubwa ikinyesha watoto wake anawafichaje.

Mjohoro wetu uko karibu na tangi la maji. Masika yakishika, minana wanauhamia kwa kelele za kutosha kumshinda mwalimu wa darasa la pili anayefundisha kusoma dirishani pale. Dume ni wa njano, kichwa cheusi, jicho jekundu. Jike amefifia, kijani cha njanonjano, na watoto wengi mwanzoni hudhani ni ndege wa aina nyingine. Siwaambii. Nawagawa vikundi, kila kikundi kinachagua kiota kimoja tu, na kazi yao ni kuandika walichokiona: nani amekuja, amebeba nini mdomoni, ameingilia upande gani, amekaa muda gani.

Katika wiki chache za kutazama kiota kilekile mambo mengi hujitokeza. Dume anatua kwenye matete, anauma ukingo wa jani, halafu anaruka nalo likichanika utepe mrefu. Kwenye tawi anaanza kwa kusuka pete. Akishaimaliza anasimama ndani yake, na kuanzia hapo anasuka kuizunguka, mbele na nyuma, kila mahali mdomo wake unapofika, mpaka pete inakuwa chumba chenye mlango kwa chini. Kisha ananing'inia mlangoni kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa na kuita kila jike anayepita. Jike anaingia, anakagua, anavutavuta nyuzi. Mara nyingi anaondoka zake.

Kuna msichana mmoja, mtaratibu sana, hanyooshi mkono darasani hata kama jibu analo. Huyo ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, kwa nini anaivunja nyumba yake mwenyewe?" Alikuwa amemwona dume akifumua kiota chake kile kile, utepe baada ya utepe, na kuuangusha chini. Ningeweza kumjibu palepale. Nilimwambia aangalie vinavyovunjwa na visivyovunjwa, aone vinatofautiana nini. Yeye na kikundi chake wakatazama kwa siku kadhaa, wakarudi na jibu lao: vinavyofumuliwa ni vile vilivyokauka vikawa kahawia bila kupata jike. Kibichi bado kina matumaini. Watafiti waliowachunguza minana waliona jambo hilohilo, kwamba jike hupendelea kiota kibichi, na dume asiyepata mwenzi hubomoa na kusuka upya kwenye tawi lilelile. Wanangu hawa walilifikia wenyewe, wakiwa na daftari na kalamu ya risasi. Siku hiyo nilifurahi kiasi kwamba nilimsomea kila mwalimu ofisini ukurasa ule.

Sasa nije kwa wenye manati. Kila shule inao. Wavulana wanakuja mpira umening'inia shingoni, mifuko ya kaptula imejaa vikokoto. Walimu wengi tunazikusanya na kuzichoma, na sina ugomvi na anayefanya hivyo. Ila nimeona kwamba hawa ndio wanaowajua ndege kuliko wote darasani. Wanajua hua wanakunywa maji saa ngapi na kwenye dimbwi lipi. Wanajua pasa hutembea kwa kundi, wakimshambulia mpapai mmoja na kupanda matawini kama panya, mikia mirefu ikining'inia. Wanajua ndege gani akilia ana makinda karibu. Maarifa hayo yamepatikana kwa kuvizia kimyakimya, na kuvizia ndiko hasa ninakotaka kuwafundisha wale wengine sabini na ushee wasioweza kutulia.

Kwa hiyo nawapa uongozi. Mwenye manati ndiye anayetupanga tukae wapi ili ndege wasituone, na ndiye anayeonyesha njia. Sitasema wote wameacha. Mmoja bado namwona na mpira wake shingoni jioni akienda mtoni. Lakini huyohuyo alikuja asubuhi moja kabla ya kengele, akihema, kuniambia kuna ndege aitwaye chozi anajenga kiota kwenye waya wa zamani nje ya dirisha la ofisi, na kwamba amewaambia wadogo wa darasa la kwanza wasipite pale.

Yule chozi tulimfuatilia mpaka mwisho. Kazi yote ya ujenzi ilifanywa na jike peke yake. Alichukua nyasi kavu, vipande vya majani, hata uzi wa sare ya mtu, akavifunga kwa utando wa buibui, na juu ya mlango akaweka kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Dume mwenye rangi za kung'aa alikuwa akiimba juu ya mwarobaini. Mayai aliyaatamia jike kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda yalipotoka wote wawili wakawa wanaleta wadudu na buibui. Watoto wangu walishangaa, kwa sababu walikwishajifunza kwamba chozi hunywa nekta ya maua. Kinda anahitaji nyama ili akue, tukaingia hapo hapo kwenye somo la vyakula vya kujenga mwili. Sikupanga iwe hivyo.

Na siku hiyo niliwageuza wote wautazame mlima. Huko juu kwenye misitu ya Uluguru yuko chozi wa Loveridge, aliyepewa jina la Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa akikusanya viumbe Tanganyika zamani. Ndege huyo hapatikani popote pengine duniani isipokuwa mlima huu. Mtoto anayeteremka kila Jumamosi na mama yake kuuza ndizi sokoni amekulia jirani na kitu ambacho dunia nzima haina. Naona ni haki yake kulijua hilo kabla hajamaliza shule ya msingi.

Gumu jingine ni hofu. Kinyonga akionekana kwenye ua wa shule, mawe yanaanza kuruka kabla sijafika. Nikawahi mara moja, nikamwacha atembee juu ya kijiti kirefu, tukamtazama kwa umbali. Macho yake kila moja linaangalia upande wake. Ulimi ulipotoka kumnasa nzi, wale waliokuwa nyuma wakadai arudie. Hana sumu. Rangi yake hubadilika kwa hasira, kwa joto na baridi, na kwa kuongea na kinyonga mwenzake.

Bundi ni habari nyingine, maana bundi anagusa imani za nyumbani, nami sitaki kumfanya mtoto amwone bibi yake mjinga. Bundi wetu alikuwa akikaa juu ya dari la stoo, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Chini yake tulikuta vitonge vya kijivu ambavyo yeye huvitapika, maana hummeza panya mzima, na mifupa na manyoya hayasagiki tumboni. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, tukavichambua kwa vijiti juu ya gazeti, halafu kila mtu akanawa kwa sabuni. Ndani mlikuwa na mafuvu ya panya, madogo, meno yote yapo. Kila familia ya hapa inayolima mahindi inaijua hasara ya panya shamba, wanaofukua mbegu usiku uleule ulioipanda. Chuo Kikuu chetu cha Kilimo cha Sokoine kimewachunguza panya hao kwa miaka mingi.

Bibi mmoja alikuja shuleni kesho yake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akakaa, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nasikia mnafuga mchawi?" Sikubishana naye. Nikamwita mjukuu wake alete karatasi aliyobandikia mafuvu yake. Mtoto akamwonyesha moja moja: huyu panya, huyu panya, huyu tena panya. Bibi akayatazama muda mrefu, akauliza, "Wote hawa kala yeye?" Mjukuu akasema ndiyo. "Basi akae hukohuko stoo. Kwangu asije." Nadhani hapo bundi wetu alipata ulinzi mkubwa kuliko ule ambao ningempatia mimi kwa mahubiri ya mwezi mzima, kwani tangu siku ile hakuna mtoto wa mtaa ule aliyemrushia jiwe.

Mlinzi wetu wa usiku naye nimemwomba aje kuzungumza. Anatambua sauti gizani: komba, popo, vyura wa aina mbalimbali. Anasema dudumizi akilia mfululizo mvua iko njiani, na watoto sasa wanaandika kila wanapomsikia na kila mvua inaponyesha, walinganishe.

Somo la mbayuwayu tunalifanya wakati wa vuli, Oktoba na kuendelea, wanapofika kutoka Ulaya. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi. Tulienda dukani kwa jirani, tukapima mchanga wa gramu 20 kwenye mizani yake, kila mtoto akaushika kiganjani. Kisha ramani: Bahari ya Mediterania, jangwa la Sahara, mpaka nyaya za umeme za mtaani kwetu.

Kuna mwalimu wa shule jirani aliniuliza napata wapi darubini. Sina, na si lazima. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira ambao leo una vikundi nchi nyingi, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, akizungumza na wanafunzi 12 barazani kwake. Mti upo, watoto wapo. Kinachotakiwa ni masharti machache yasiyolegezwa: hakuna kuingiza mkono kwenye shimo lolote, hakuna kushika ndege mgonjwa au mfu, tukiona siafu au nyuki tunahama, na makinda hayaguswi. Kunguru nao wanavutwa na mabaki ya chakula, na wakishazoea wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, kwa hiyo shimo la taka letu sasa linafunikwa kila baada ya uji. Huyu kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, akaenea bara mpaka huku kwetu. Watoto wa darasa la sita walilijadili hilo kwa hasira kubwa.

Mwalimu mkuu ametupa kipande cha ardhi kando ya tangi. Tutapanda mshubiri na hibiskasi kwa ajili ya chozi, na karai kuukuu la maji litakaa kivulini, libadilishwe maji kila siku ili mbu wasizaliane. Kuna mvutano juu ya mpapai mmoja ulio pale. Mwalimu wa elimu ya kujitegemea anataka ukatwe, kwa sababu matunda yote yanaliwa na pasa na shule haipati kitu. Yule kijana wa manati anataka ubaki. Nimemwambia aandike barua kwa mwalimu mkuu, aeleze sababu zake. Ameandika kwamba mpapai huo ukikatwa, pasa watahamia kwenye mipapai mingine mitatu ambayo bado hawaigusi, na ameorodhesha siku alizowaona.