Stika imetoka, maneno yamebaki
Jumamosi nzima imeishia ubavuni mwa gari. Nimenunua Noah ya bluu iliyokuwa ikibeba abiria hapa Arusha, imeandikwa MAMA ASANTE kwa herufi kubwa za stika. Nikaazima drai ya nywele ya mke wangu (hajafurahi), nikapasha stika mpaka ikalegea, nikaivuta taratibu kuanzia kwenye kona. M ya kwanza ikatoka nzima, raha! Zilizofuata zikakatika vipande vipande kama maganda ya yai. Gundi nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaosha kwa sabuni. Jirani alishauri waya wa kusugulia masufuria. Nikamwambia aanze na gari lake.

Nikasogea nyuma niangalie. MAMA ASANTE bado ipo! Rangi ya chini ya stika haikupigwa jua miaka yote, imebaki bluu ileile; ya pembeni imepauka. Nikasugua kopaundi (dawa ya kusugulia rangi ya gari iliyopauka) kwa mkono hadi bega likauma, kisha polishi. Kivuli kimefifia, ila jua la saa kumi likipiga ubavuni kinasomeka.

Leo asubuhi bibi mmoja kanisimamisha: "Mwanangu, Usa River shilingi ngapi?"