Pembe zenye matawi 12

Mwaka 2014, mwezi wa sita, nilikuwa nimepata fremu Kinondoni nataka kufungua mgahawa, chai ya maziwa, chapati, supu asubuhi, vitu vya kawaida tu, ila kichwani nilishaamua sitaki viti vya plastiki kama kila mtu, nataka mahali paonekane pa kizamani. Nilikuwa nimeona picha za migahawa ya Ulaya kwenye simu, ukutani wamepachika mapembe, vichwa vya wanyama, saa za mbao ndefu kama mtu, nikasema ndo hii, Dar nzima hakuna mwenye hii. Kumbe sababu ya kutokuwepo ilikuwepo.

Fundi wangu wa Keko aliyekuwa ananitengenezea meza akanipigia jioni moja, bosi kuna nyumba Upanga wanahama, mzee mwenye nyumba kafariki, watoto wako nje, wanauza kila kitu mpaka vitasa, wahi kabla madalali hawajajaa. Asubuhi nikampitia baba mdogo twende wote. Yeye alifanya kazi miaka mingi kambi za uwindaji kule Selous, alikuwa mchunaji, nikaona kama kuna kichwa cha mnyama atanisaidia kujua ni kizima au kibovu. Akili yangu ilikuwa imeishia hapo hapo, kizima au kibovu.

Sebule ilikuwa na giza, inanuka vile vidonge vyeupe vya kabatini. Ukutani kulikuwa na kichwa cha nyati, upande mmoja manyoya yamekwisha, mdomo umepasuka na kwenye mpasuko majani makavu yanachungulia kama godoro la bweni. Nikanyoosha mkono niguse pua, baba mdogo akanipiga kiganjani paa!

"Toa mkono huo! Hawa wa zamani walikuwa wanapakwa sumu ya aseniki kwa ndani wadudu wasile ngozi. Unashika hapo halafu unaenda kula chipsi?"

Hapo ndo akaanza, na akianza baba mdogo huwa hana breki. Akasema ngozi ya kichwa haichunwi kama mbuzi wa Idi, ukifanya haraka umeharibu kazi ya watu wiki mbili. Sikio lazima uligeuze ndani nje kama soksi mpaka kwenye ncha, midomo na kope unapasua taratibu na kisu kidogo, maana ukiacha nyama hata kidogo chumvi haiingii, na chumvi isipoingia manyoya yanachomoka yenyewe, mteja akifika kwao anafungua boksi anakuta upara. Halafu chumvi, chumvi mpaka ngozi inakauka kama ng'onda. Siku hizi hawajazi majani, ngozi inavalishwa kwenye fomu ya sponji gumu yenye umbo la mnyama kabisa, macho ya kioo. Alikuwa anaongea huku anamwangalia yule nyati kama mtu anayeangalia kazi ya fundi mwenzake, "aliyemfanya huyu alijua macho, pua hakujua."

Mi macho yangu yalikuwa kwenye kigoda. Kifupi, miguu ya mninga, juu kimewambwa ngozi ya punda milia, misumari ya shaba imezunguka pembeni, yaani nilikikalia na tayari nikajiona nimekaa nacho kaunta napokea hela. Mlinzi anasema elfu 40 tu. Baba mdogo hakukaa hata, akaniambia, "Inuka. Hicho hakiondoki hapa na wewe, wala huyo nyati."

"Kwani kigoda kina shida gani baba mdogo?"

"Karatasi yake iko wapi?"

Nikamwambia ni ngozi kuukuu, huyu punda amekufa kabla mi sijazaliwa. Akanijibu polisi hawaulizi alikufa lini. Kitu chochote cha mnyama wa pori wa hapa, ngozi, jino, pembe, mpaka ukucha, hiyo ni nyara ya Serikali, ukikutwa nayo bila kibali kesi inaenda uhujumu uchumi na huko kuna watu wamekula miaka 20. Halafu Operesheni Tokomeza, ile ya kusaka majangili, ilikuwa ya mwaka jana yake tu, 2013, mawaziri wanne waliondoka kwa ajili ya mambo yaliyotokea kule, kila mtu alikuwa bado ana moto. Niliyajua yote hayo. Ila nilinuna, nikabeba saa ya mbao bila kumsemesha.

Pembe tulizikuta mwisho kabisa, koridoni, nyuma ya mlango wa bafu. Zimefungwa kwenye ubao wa umbo la ngao, mweusi kwa moshi na miaka, na kwenye kipande cha mfupa wa paji mtu kaandika kwa wino maneno ya Kijerumani na mwaka 1911. Nikajua na hizi atazikataa. Baba mdogo akazishusha, akazipeleka dirishani, akazipitisha vidole. Zilikuwa na vinundu vinundu kama gome la mti, ila nchani zimelainika na kuwa nyeupe kama zilisuguliwa, na pale zinapoanzia kichwani kuna pete imevimba kama ua. Na zilikuwa na matawi. Akahesabu, 6 huku, 6 huku. Akagonga na ufunguo.

"Huyu sijawahi kumchuna," akasema. "Wa kwetu wengi pembe ni ganda, ndani kuna mfupa, ukichemsha ganda linavuka kama kiatu. Tandala, pofu, kulungu, huyo nyati, wote. Na hakuna wa kwetu mwenye matawi. Huyu ni mfupa mtupu. Hawa wa Ulaya kila mwaka zinadondoka zenyewe zinaota nyingine. Mjerumani alikuja nazo na meli, za kukumbukia kwao."

Nikalipa laki mbili na nusu, saa na pembe, tukapakia kwenye kirikuu. Saa ilikuwa ndefu ikabidi ilale, pembe zikakaa juu yake zimesimama, sikufikiria hata kuzifunika, yaani ujinga mwingine bwana. Tumefika mataa ya Salenda foleni imesimama, konda wa daladala akaanza kupiga kelele "oya mnapeleka wapi swala!", abiria wanacheka, wanatoa simu wanapiga picha, na trafiki naye si kipofu.

"Shusha kioo. Hizo nyara za Serikali mnazipeleka wapi?"

Nikaanza kueleza Ulaya, matawi, mwaka 1911, nikajisikia mwenyewe navyoongea kama mwongo. Baba mdogo akaniambia nyamaza, akamwamkia yule kijana yeye, "habari ya kazi afande", mtu mzima na mvi zake. Tukapelekwa kituoni. Siwezi kumlaumu yule trafiki, hata ningekuwa mimi ningekamata.

Kituoni tulikaa kwenye benchi toka saa 6 mchana. Afande wa kaunta alitaka kuandika kwenye kitabu akakwama, anatuuliza mnyama anaitwa nani. Baba mdogo akasema kwa Kiswahili sijui. Afande akasema basi swala. Baba mdogo akakataa kabisa, akamwambia ukiandika swala umetufunga, swala ni wa Tanzania. Wakabishana hapo kama wanagombea mahari, mwisho akaandika "pembe za mnyama asiyejulikana, matawi 12, moja." Moja ya nini sijui mpaka leo.

Afisa wa wanyamapori alikuja saa 11 jioni, mdada mdogo tu, kabeba mkoba mgongoni. Hakukaa. Akageuza ngao, akaangalia ile pete ya chini, akapitisha kidole kwenye matawi, akacheka. "Huyu hayupo nchini kwetu." Nilitaka kumkumbatia. Halafu akauliza, kawaida tu, huku anafunga mkoba, "Kwenye gari hamna kitu kingine? Ngozi, kiti, chochote?"

"Saa tu," baba mdogo akajibu. Hakunigeukia hata, alikuwa anatazama feni. Mi jasho lilinitoka mgongoni, nakiona kichwani kile kigoda kama kingekuwa kwenye kirikuu, misumari yake ya shaba inang'aa. Alikagua gari, akakuta saa.

Nyati na kigoda baba mdogo alimwelekeza yule mlinzi wa Upanga apige simu maliasili wavifuate, na walivifuata. Mi nikatundika pembe zangu juu ya kaunta. Siku ya ufunguzi mama akaja na hotpoti zake, akasimama chini ya ile ngao kichwa juu, anaangalia muda mrefu.

"Umempata wapi ayala?"

"Nani?"

"Ayala. Wa Zaburi ya 42, mwenye kiu ya mito ya maji. Sunday school tulikuwa na picha yake."

Nikampigia baba mdogo pale pale, nikamwambia mnyama wetu ana jina. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi nenda kamwambie afande afute kwenye kitabu chake."