Fungu la Waliobaki na Vyombo

Wapendwa katika Bwana, kila tarehe 25 Julai Watanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, baragumu hulia, viongozi wa dini huwaombea marehemu, na wazee waliopigana vita huketi mahali pa heshima wakiwa na nishani vifuani. Ni heshima wanayostahili. Somo letu la wiki hii, 1 Samweli 30:21-31, linatutaka tufikiri imfikie nani mwingine.

Daudi na watu wake 600 walikuta Siklagi, mji walimokaa, umeteketezwa na Waamaleki na jamaa zao wametekwa. Walipokuwa wakiwafuatia adui hao, 200 walichoka hata wasiweze kuvuka kijito cha Besori, wakabaki na vyombo, yaani mizigo ya jeshi. (Maandiko yanasema walichoka, hayasemi waliogopa.) Wale 400 waliporudi na ushindi, baadhi yao walitaka waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, kisha waende zao. Daudi alikataa, kwa sababu nyara zile, alisema, ni kitu walichopewa na Bwana, na kwa hiyo aliyeshuka vitani hakuwa na haki ya kujigawia kana kwamba ameshinda kwa mkono wake mwenyewe. Akaamuru mafungu yawe sawa, na amri hiyo ikadumu katika Israeli.

Nimemkumbuka Daudi kwa sababu ya Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927. Juu yake amesimama askari na bunduki yake, lakini maandishi ya chini yanawataja pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi katika Vita Kuu ya 1914-1918. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Kambi yao imetuachia jina la Kariakoo, ambako tunanunua na kuuza bila kuwawazia.

Vita vya Kagera vya 1978-1979 viko karibu nasi zaidi. Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa wanajeshi wetu, na ni vema taifa linakwenda kuwaheshimu pale. Hata hivyo, wapo wajane waliolea watoto peke yao, wanamgambo waliorudi kwenye jembe, na wanakijiji wa mpakani waliopoteza nyumba na mifugo yao, ambao hakuna gwaride linalopita mbele yao.

Daudi hakuishia Besori. Aliporudi Siklagi alipeleka sehemu ya nyara kwa wazee wa Yuda, mji kwa mji, hata Hebroni, na mahali pote ambapo yeye na watu wake walikuwa wakitembea walipokuwa wakimbizi. Jumapili hii, tutakapowaombea mashujaa, kila jumuiya imtaje kwa jina mjane au mzee mmoja wa aina hiyo aliye jirani yake, na mtu apangwe kwenda kumwona.