Riwaya isilale msimu wa karafuu

Msimu wa karafuu Pemba, riwaya unayoiandika hufia usiku. Umechuma mchana, umechambua karafuu kutoka vikonyo vyake mpaka baada ya isha, ndiyo unafungua daftari. Unasoma kurasa tatu za nyuma ukumbuke ulipofika, usingizi ushakuchukua. Kinachoua ni huko kusoma nyuma, si uvivu.

Dawa yake: andika baada ya alfajiri, dakika 20, maneno 150, basi. Katiza sentensi njiani, “Bi Zuhura akafungua fundo la kanga, ndani mkawa na…”, kesho mkono unajua pa kuanzia. Mazungumzo yakikujia wakati wa kuchambua, yarikodi kwa simu. Vidole vyenye mafuta ya karafuu huchafua karatasi. Mvua ikinyesha, majamvi ya karafuu yakaanuliwa, ukakosa kuandika, usifidie siku zilizopotea (wengi huachia hapo). Maneno 150 yaleyale.