Siku moja maishani mwangu: dau la karata ya saba, kutoka Kirumba

Saa 12 asubuhi. Mitumbwi ya dagaa imeshaingia mwaloni na Kirumba, hapa Mwanza, imeamka. Kwenye simu kuna mikono ya karata, yaani michezo waliyocheza na kuiandika, iliyotumwa na wanafunzi usiku. Kazi yangu ni kufundisha poka ya studi, ile ya karata saba, na asubuhi yote ni ya kusoma mikono hiyo kabla ya madarasa.

Mkono ulioandikwa vizuri unataka vitu vinne: karata zako zote, karata nne za wazi za mpinzani, karata za wazi za waliotupa (waliojitoa mchezoni), na madau kwa mpangilio. Karibu kila mwanafunzi mpya huacha hicho cha tatu. Wengi wamejifunzia poka ya Texas, iliyosambaa sana baada ya Chris Moneymaker kushinda ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 2003. Kule karata tano zinawekwa katikati na zote ni za watu wote, na aliyetupa anatupa mbili ambazo hakuna aliyeziona. Kwenye studi kila mtu ana zake: mbili za siri, nne za wazi, ya saba ya siri tena. Aliyetupa mapema ameshakuonyesha angalau karata moja, na hiyo haitarudi. Asiyeiandika ameitupa bure habari aliyopewa bure.

Saa 2 asubuhi. Chai, chapati, karatasi. Mkono wa leo wa kushughulikia ni huu. Meza ya watu saba, kiingilio 1 kila mmoja, dau la lazima 3, dau dogo 10, dau kubwa 20. Mwanafunzi ana kingi ya pau na sita ya uru sirini. Wazi ana kingi ya shupaza, nne ya pau, sita ya kopa, jeki ya uru. Yaani jozi mbili, kingi na sita. Mpinzani anaonyesha kwini ya kopa, tisa ya kopa, mbili ya shupaza, tano ya uru. Waliotupa walionyesha sita ya pau, kwini ya shupaza, tatu ya kopa (huyu ndiye aliyelipa dau la lazima), nane ya kopa na kumi ya uru.

Kwanza poti, yaani chipu zote zilizo katikati. Viingilio 7, dau la lazima 3, na 10 za kila mmoja kati ya wawili waliobaki: 30. Karata ya nne, 10 mara mbili: 50. Ya tano dau linakuwa kubwa: 90. Ya sita: 130. Dau moja la 20 kwenye karata ya mwisho linampa mpinzani nafasi ya kulipa 20 ili ashindanie 150. Akiamini anashinda mara 1 kati ya 8 au 9, kufuata kunamlipa. Ndiyo maana watu hufuata na mikono dhaifu kwenye karata ya saba, na ndiyo maana dau la mwisho lina hela.

Pili, karata zilizokufa, yaani zilizokwisha kuonekana na haziwezi kuja tena. Zilizoonekana ni 15, bado 37. Mwanafunzi anataka kingi au sita ili apate fuli hausi (tatu za aina moja na mbili za nyingine). Sita ya pau imekwenda, zimebaki tatu: 3 kati ya 37, asilimia 8 hivi. Kopa zilizoonekana ni tano, zimebaki nane. Kama mpinzani ana kopa mbili sirini, zinabaki sita kati ya karata 35, kwa hiyo flashi yake (karata tano za kopa) inatimia kama asilimia 17.

Karata ya saba ilimletea mwanafunzi nane ya shupaza, haikumsaidia. Akapita, yaani hakuweka dau. Mpinzani naye akapita, akafunua kwini mbili na tisa mbili. Mwanafunzi alichukua 130 na akaandika chini, "mkono safi." Hakuwa safi. Kuna 20 zilizobaki mfukoni mwa mpinzani, na kwa sababu poti ameshaichukua, jicho halizioni. Hasara ya aina hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote kwenye mchezo huu, maana haina alama popote isipokuwa kwenye hesabu.

Saa 4 asubuhi. Darasa la kwanza, upande ulio rahisi: wewe ndiye wa mwisho kusema. Mpinzani ana nane mbili wazi, amekuwa akiongoza dau karata ya tano na ya sita, sasa ya saba anapita. Wewe una ree mbili na nne mbili.

Wanafunzi huuliza, "Mwalimu, ninaongoza au siongozi?" Hilo siyo swali. Swali ni: katika mikono *atakayofuata nayo*, mingapi iko chini yangu? Atakayoitupa haikuhusu, dau halijaongeza wala kupunguza kitu. Nusu kwa nusu ni sare. Unahitaji zaidi ya nusu, na zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu kuna anayepita makusudi ili akupandishie (aongeze dau juu ya lako). Chukua mikono 10 itakayofuata: 6 unaipiga, 4 inakupiga, faida ni madau 2. Kama mmoja kati ya ile minne ni mtego na unalipa mara mbili, faida inashuka hadi dau 1. Kwa hiyo mimi hudai sita kati ya kumi, siyo tano na nusu.

Kwa ree na nne, weka dau: nane pamoja na jozi yoyote ndogo itafuata, na nane peke yake mara nyingi itafuata pia kwa ukubwa wa poti. Sasa ondoa zile nne, bakiza ree mbili tu. Bado huenda unaongoza, lakini anayefuata hapa kwa wingi ni mwenye jozi mbili, na wote hao wanakupiga. Pita, funua. Karata zake za wazi ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya mikono inayofuata ikiwa chini yako.

Saa 7 mchana. Ugali na sato wa kukaanga. Simu imezimwa.

Saa 9 alasiri. Upande mgumu: wewe ndiye unayesema kwanza. Karata ya saba inagawiwa kifudifudi, kwa hiyo karata za wazi hazibadiliki na aliyeongoza ya sita ndiye anayesema kwanza tena. Narudisha mkono wa asubuhi mezani, kingi juu dhidi ya kwini.

Ukisema kwanza hulinganishi dau na sifuri. Unalinganisha kuweka dau na kupita kisha kufuata. Tunagawa mpinzani mafungu mawili: mwenye jozi ya kwini na mwenye kutafuta flashi. Namba hizi ni za mfano darasani. Tuseme mara 100, 70 ana kwini na 30 anatafuta kopa.

Ukiweka dau: katika zile 70, mara 50 anafuata na kushindwa, mara 12 anatupa, mara 8 amekuzidi na anapandisha, unalipa mawili. Katika 30 za kopa, mara 5 flashi imetimia na anapandisha, 25 anatupa. Hesabu: 50, toa 16, toa 10. Madau 24 ya faida.

Ukipita: zile 50 nyingi zinapita nyuma yako, tuseme 10 anaweka dau mwenyewe, unapata 10. Mara 8 unalipa moja moja, mara 5 za flashi vilevile. Katika kopa zilizokosa, tuseme mara 5 anajaribu kutishia (kuweka dau bila mkono), unapata 5. Jumla madau 2. Ishirini na nne dhidi ya mbili, na hapo mwanafunzi wa asubuhi alipita.

Kisha tunageuza: 30 kwini, 70 kopa. Dau linaleta 21, toa 8 za waliokuzidi, toa 24 za flashi kama 12 zinazopandisha: hasara ya 11. Ukipita unapata kama 4 za wanaojiwekea dau na 10 za wanaotishia, unalipa 4 na 12: hasara ya 2. Sasa kupita ndiko bora. Sababu ni nyepesi: anayetafuta flashi akikosa hakufuati, akipata anakupandishia. Dau lako halina wa kulilipa. Mwachie yeye aweke, ufuate.

Kinachokuambia uko fungu lipi ni karata za wazi. Kopa mbili tu mezani, nyingine tatu zimeonekana kwingine: elekea kwini. Angekuwa na kopa tatu wazi na hakuna kopa iliyokufa, ningepita bila kusita.

Saa 1 usiku. Meza ya mazoezi, watu saba, chipu za plastiki bila fedha. Kucheza kwa fedha Tanzania kuna sheria yake ya mwaka 2003, leseni, na umri wa kuanzia miaka 18, na hapa tunafundishana tu.

Kanuni moja ninayoisimamia kwa ukali: karata ya sita ikishachezwa, kabla ya saba kugawiwa, kila aliyebaki anaandika poti, karata zilizokufa anazozihitaji yeye na mpinzani, na mkono dhaifu kabisa ambao mpinzani atafuata nao. Ukisubiri kuona ya saba ndipo ufikiri, utafikiri unachotamani.

Halafu mikono. Karata ya saba ikija, ichanganye na zile mbili za siri kifudifudi, ndipo uinue kona za zote tatu pamoja. Wengi huinua ile moja, macho yanakaa juu yake, na meza nzima inajua kama imesaidia. Anayefanya hivyo halipwi akipata na anatishiwa akikosa.

Kosa la pili la usiku ni kuweka dau zuri, kupandishiwa, kisha kutupa kwa hasira. Kwenye poti yetu, baada ya dau lako la 20 na kupandisha kwake hadi 40, katikati kuna 190 na unadaiwa 20. Ukishinda mara 1 kati ya 10 au 11 umeshatoka sare. Tupa tu dhidi ya mtu ambaye humjui kupandisha bila mkono mkubwa.

Saa 4 usiku. Daftari. Ukurasa wa kushoto madau yaliyofuatwa kwenye karata ya saba, yaliyoshinda na yaliyoshindwa. Wa kulia, madau yasiyowekwa ambayo karata zilipofunuliwa zilionyesha yangefuatwa. Anayeshinda karibu kila dau la mwisho analofuatwa anaweka madau machache mno. Kesho ataanza na ukurasa wa kulia, mkono mmoja mmoja, na karata zilizokufa zikiwa zimeandikwa.