Kompyuta za kaunta zilivyoacha kujizima

Duka letu la vifaa vya ujenzi lina kompyuta ndogo tatu za kuungwa na fundi, boksi lake halizidi tofali. Kwa miezi miwili zilikuwa zikijizima na kujiwasha katikati ya mauzo. Mteja ana nondo begani, risiti imeishia nusu. Iliniuma sana.

Kila aliyeziona alilaumu Windows. Nikaiweka upya mara mbili, bure. Event Viewer, daftari la matukio ndani ya Windows, ilionyesha kosa la Kernel-Power 41, ambayo husema tu kwamba mashine ilizimika ghafla, sababu haitaji. Nikabadilisha adapta, hali ile ile.

Ndipo nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kwenye flashi na kuiacha usiku kucha. Asubuhi kioo kimejaa makosa! Kumbe kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, XMP ilikuwa imewashwa, yaani kitufe cha kuikimbiza RAM kuliko kasi yake ya kawaida: RAM inakimbia kwa kasi ya 3600 wakati prosesa imeandikiwa RAM ya 2933, tena ndani ya boksi lenye feni moja. Ndiyo maana zilikuwa zikianguka zaidi mchana, joto likipanda.

Nikazima XMP kwenye zote tatu. Mizunguko minne ya MemTest86, kosa hata moja hakuna. Hii ni wiki ya sita, na risiti zinatoka mpaka mwisho.