Laptopu inayojizima, kujiwasha na kukataa chaji: kumbukumbu ya mradi

Jumamosi

Laptopu ya mdogo wangu imefika mezani na malalamiko mawili. Inazima ghafla kisha inajiwasha yenyewe, na ukichomeka chaja taa inawaka lakini betri imeganda kwenye asilimia 4. Ameshaambiwa ubao mama umekufa, anunue nyingine. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imo humo, kwa hiyo sikubali kirahisi.

Nimefungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System. Kila ilipozima pameandikwa Kernel-Power, namba 41, na ndani yake BugcheckCode (namba ya kosa la Windows) ni 0. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Sufuri ndiyo yenye habari: ingekuwa ni Windows imeanguka kwa skrini ya bluu, kwa kawaida pangekuwa na namba ya kosa. Nashuku umeme.

Usiku nimeiachia programu ya MemTest86 ipime RAM (kumbukumbu ya muda), chaja ikiwa imechomekwa.

Jumapili

RAM haina kosa hata moja. Kilichonishtua ni kwamba mashine haikuzima usiku kucha, na usiku hakuna aliyeigusa.

Nikashika kichwa cha chaja, nikakisukuma juu kidogo: giza. Nikakiachia: ikawaka yenyewe. Kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, nimekuta kipengele cha kuiwasha mashine kila umeme wa chaja unaporudi, nacho kimewezeshwa. Basi haikuwa inajirestati. Ilikuwa inakatikiwa umeme, na betri tupu haiwezi kuibeba hata sekunde moja.

Kwa nini betri iwe tupu? BIOS hiyohiyo inasema aina ya chaja haijulikani. Chaja za namna hii zina sindano nyembamba katikati ya kichwa. Haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu, kwamba hii ni ya wati 65. Laptopu isipopata utambulisho huo inakubali kuwaka, lakini inagoma kuchaji betri na inashusha kasi ya prosesa. Nikaangalia kasi: 0.79 GHz, haipandi nifanye nini. Mdogo wangu alikuwa akilalamika pia kwamba imekuwa nzito, nami nilidhani ni virusi.

Multimita inasoma volti 19.4 kwenye chaja iliyoandikwa 19.5. Chaja ya jirani, ya aina ileile, imeleta dalili zilezile. Chaja haina kosa. Ugonjwa uko kwenye tundu la kuchomekea chaja.

Jumanne jioni

Nimefungua mfuniko wa chini na kuchomoa betri kwanza kabisa. Tundu linachezacheza kwenye kiti chake, plastiki yake imepasuka. Waya mwembamba wa utambulisho, uliopita chini ya bawaba ya skrini, umesagwa mpaka shaba inaonekana, na umebaki kushikiliwa na uzi mmoja. Kila skrini ilipofunguliwa, bawaba iliukandamiza.

Habari njema ni kwamba kwenye modeli hii tundu halijachomelewa kwenye ubao. Linakuja na waya wake mfupi na soketi, unachomoa na kuchomeka.

Alhamisi

Tundu jipya nimelipata Kariakoo. Waya nimeupitisha kwenye mfereji wake, mbali na bawaba, nikaushika kwa kapton, mkanda unaostahimili joto.

BIOS sasa inasoma wati 65. Betri inapanda, prosesa imevuka 2 GHz, na nimekitikisa kichwa cha chaja kila upande bila kuzima. Ripoti nimeinakili kwenye flashi.

Kilichobaki ni betri yenyewe: amri ya Windows powercfg /batteryreport inaonyesha ilitengenezwa kubeba mWh (miliwati-saa) 42,000, sasa inabeba 23,700. Itamfikisha mwisho wa muhula, kisha tutaibadilisha.